UZI: Je, watazama ndege wanaweza kuwa kapu la kura?

1/ Jumamosi usiku nilikuwa kwa mjadala mmoja wa siasa hapa mtandaoni, ile ya kupiga hesabu za 2027. Watu wakataja vijana, bodaboda, walimu, wakulima wa kahawa. Halafu msee mmoja akauliza: "Na watazama ndege je?" Watu wakacheka karibu dakika nzima. Mwingine akauliza kama ni ndege za pale Wilson.

2/ Hapana, si za Wilson. Ni hawa wenye mabawa na manyoya. Mimi pia nilicheka. Lakini nikalala nikiwaza, kwa sababu swali halikuwa la kipuzi. Watu wanaopenda kitu kimoja wanageuka kuwa kura lini? Na mbona wengine ni wengi sana na hakuna mwanasiasa anayewajali?

3/ Kama kawaida ya ukurasa huu, hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunaangalia hesabu na sheria. Ukitaka matusi, kuna mahali pengine. Twende pole pole.

4/ Kwanza, kapu la kura ni nini? Wengi wanadhani ni idadi tu. Ati "sisi ni milioni tatu, tuheshimiwe." Idadi peke yake haitoshi. Kuna maswali matano:
- Mko wangapi?
- Mmejiandikisha wapi?
- Mnajitokeza siku ya kura?
- Jambo lenu linaweza kuwafanya mbadilishe chaguo?
- Nani anawasemea?
Ukikosa mawili au matatu hapo, wewe ni umati tu.

5/ Mfano wa swali la kwanza: Marekani. Ripoti ya serikali yao ya mwaka 2022 ilihesabu watu kama milioni 96, wenye miaka 16 kwenda juu, wanaotazama ndege. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya watu wa umri huo. Kwa idadi tu, hao wangekuwa wanaamua kila uchaguzi.

6/ Lakini umewahi kusikia mgombea urais wa Marekani akibembeleza watazama ndege? Si kwa nguvu yoyote. Kwanza, wametawanyika nchi nzima. Pili, wako kwa vyama vyote viwili. Tatu, wengi wao hutazama ndege wakiwa nyumbani, kwa dirisha na kikombe cha kahawa. Wanapenda ndege, ndiyo. Lakini wakifika kituoni wanafikiria kodi, bei ya vitu na dini.

7/ Kwa hivyo shika hii: kupenda kitu si sawa na kukipigia kura. Mimi napenda chapati. Sijawahi kumpigia mtu kura kwa sababu ya chapati.

8/ Mfano wa pili, Uingereza. Kuna shirika la kulinda ndege linaitwa RSPB, lina wanachama zaidi ya milioni moja. Hakuna chama cha siasa kule chenye wanachama wengi hivyo. Lilianza mwaka 1889, na walioanzisha walikuwa wanawake waliochoshwa na ndege kuuawa ili manyoya yao yapambe kofia.

9/ Hapa sikiliza vizuri. Mwaka 1889 wanawake wa Uingereza hawakuwa na kura ya bunge. Walipata, tena kwa masharti, mwaka 1918. Lakini kampeni yao ya miaka mingi ikaishia kwa sheria ya 1921 ya kuzuia manyoya hayo kuingizwa nchini. Safari hiyo ilianza kabla hawajagusa karatasi ya kura. Kura ni silaha moja. Si silaha pekee.

10/ Ila ukubwa nao una bei yake. Agosti 2023 shirika hilo hilo liliwaita mawaziri waongo mtandaoni. Siku iliyofuata likaomba msamaha. Shirika la hisani linaruhusiwa kupigania jambo, lakini likianza kuonekana linapigania upande mmoja wa siasa linaingia matatani. Kwa hivyo swali la "nani anawasemea?" si rahisi hata ukiwa na wanachama milioni.

11/ Mfano wa tatu ndio unanipendeza zaidi. Malta. Kisiwa kidogo pale Mediterania. Kila mwaka ndege wakitoka Afrika kwenda Ulaya kuzaliana, wanapita hapo, na wawindaji wanawasubiri na bunduki. Wapenzi wa ndege wakasema imetosha. Wakakusanya saini zaidi ya 40,000, wakalazimisha kura ya maoni kuhusu uwindaji wa tetere na kware wakati wa masika.

12/ Kura ikapigwa tarehe 11 Aprili 2015. Yaani ndege ndio waliokuwa kwa debe. Matokeo: upande wa wawindaji asilimia 50.4, upande wa ndege asilimia 49.6. Tofauti ilikuwa kura kama 2,200 pekee. Watu wa kujaza ukumbi na uwanja wake wa nje!

13/ Wawindaji walishinda vipi na wao ni wachache? Hawakusema "tupeni ruhusa ya kuua ndege." Walisema: leo wanakataza starehe yetu, kesho ni yenu. Mwenye starehe yoyote isiyopendwa na majirani akaingiwa na baridi. Jambo la ndege likageuka kuwa jambo la uhuru wa wachache. Na kwa mwindaji, hii ilikuwa maisha yake. Kwa wengi wa upande wa pili, ilikuwa maoni tu.

14/ Hilo ndilo somo la Malta: wachache wenye uchungu hushinda wengi wenye huruma. Liandike mahali. Linaeleza nusu ya siasa za dunia, na karibu siasa zote za hapa kwetu.

15/ Sasa turudi nyumbani. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege. Tuna vyama vya mazingira vya tangu enzi za ukoloni. Kuna matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi Nairobi, yapo tangu miaka ya 1970. Sasa jiulize, Jumatano asubuhi ni nani hana kazi? Mstaafu, mgeni, mwanafunzi, na anayejifunza kuongoza watalii. Mama mboga hayuko hapo.

16/ Ndiyo maana picha ya mtazama ndege kwa akili ya Mkenya wa kawaida ni mtu wa darubini ghali, kofia pana, na gari la juu. Picha hiyo si sahihi siku hizi, vijana wengi wa vijijini wanajua ndege kuliko daktari wa chuo. Lakini kwa siasa, picha ina nguvu kuliko ukweli. Mwanasiasa akisikia "ndege" anasikia "watu wa kwingine".

17/ Na nchi nzima hesabu haitoki, tuseme ukweli. Mwaka 2022 tulikuwa na wapiga kura waliojiandikisha milioni 22.1. Tofauti ya urais ilikuwa kura kama 233,000. Hata ukikusanya kila mwenye darubini kutoka Vanga hadi Lokichoggio, hufiki hapo. Kwa urais, watazama ndege si kapu. Ni kikombe.

18/ Lakini nani alisema kura ni ya urais tu? Tuna karatasi sita. Hebu tuangalie ile tunayodharau, ya MCA. Wadi ni 1,450. Gawa milioni 22.1 kwa 1,450, unapata wastani wa wapiga kura kama 15,000 kwa wadi. Mwaka 2022 waliojitokeza walikuwa kama asilimia 65. Hiyo ni kura kama 10,000 kwa wadi ya wastani.

19/ Sasa weka wagombea saba, vile tunavyojuana. Mtu anaweza kushinda na kura 3,000, wa pili ana 2,800. Hapo kikundi cha watu 60, kila mmoja na watu wanne wa nyumbani wanaomsikiliza, ni kura 300. Kikombe kimegeuka kuwa debe. MCA anayejua hesabu hawezi kuwapita hao bila kuwasalimia.

20/ Na MCA si mtu mdogo kwa mambo ya ndege. Bunge la kaunti ndilo linapitisha mpango wa maendeleo wa miaka mitano, mipango ya matumizi ya ardhi, na bajeti. Kama kinamasi kitageuzwa stendi ya matatu, au kama nyasi zitaingiliwa na barabara, mara nyingi karatasi inapita hapo kabla ifike kwingine.

21/ Tatizo ni swali la pili: mmejiandikisha wapi? Wacha niwaambie la kwangu. Nimekulia Kinangop, Nyandarua. Kule juu kwenye nyasi za baridi kuna ndege mdogo, kifua cha manjano, kucha ndefu. Kwa vitabu anaitwa Sharpe's Longclaw. Hapatikani nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya, na yuko kwa orodha ya walio hatarini kutoweka.

22/ Huyu ndege hataki msitu. Hataki bustani. Anataka nyasi fupi zenye vishungi vya kujificha, zile kondoo wanalisha. Ukilima viazi, anahama. Na akihama anahamia wapi, kama jirani pia amelima viazi? Tatizo lake ndilo hilo. Hakuna jangili hapa, kuna jembe tu.

23/ Baba yangu mdogo alikuwa na ekari nne za nyasi hizo. Nikiwa chuo nilikuwa napeleka marafiki hapo asubuhi, tunalala kwa tumbo na darubini ya kuazima. Siku moja nikaenda nikapata amelima ekari tatu. Nikamwambia, "Baba, na yule ndege?" Hakukasirika. Akaniuliza, "Huyo ndege atalipa karo ya Wanjiru?"

24/ Sikuwa na jibu. Mpaka leo ndio naona hilo ndilo swali la mgombea yeyote anayetaka "kura za mazingira". Ardhi ni ya watu binafsi, viazi vina soko, karo ina tarehe. Ukija na hotuba ya uzuri wa maumbile utapigiwa makofi na uachiwe vumbi.

25/ Na angalia hesabu: wanaompenda huyo ndege kwa dhati, wengi wamejiandikisha Westlands, Lang'ata, Kasarani. Wanaomiliki nyasi zake wamejiandikisha Kinangop. Mwenye huruma ana kura mahali ndege hayupo. Mwenye ndege ana kura, lakini ana shida zingine kumi kabla ya ndege. Kapu limetoboka chini.

26/ Kinyume chake ni wakulima wa miraa. Wamekaa pamoja, ni riziki yao, na ukiwagusa wanabadilisha kura. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, hakuna mwanasiasa wa kule Meru aliyeweza kunyamaza. Kwa yale maswali matano wanajibu yote.

27/ Na kuna pahali wakulima na watazama ndege wanakutana uso kwa uso. Mapema 2023 kweleakwelea walivamia mashamba ya mpunga Kisumu, serikali ikapuliza dawa. Wapenzi wa ndege wakauliza: na bundi, na mwewe, na maji? Swali la haki kabisa. Lakini mkulima aliyeamka akapata mpunga umebaki mabua, utamwambia nini kuhusu mwewe?

28/ Hapo ndipo mijadala yetu huharibika. Mmoja anasema "ndege hawapigi kura." Mwingine anasema "wakulima hawana elimu." Wote wamekosea. Ndege hapigi kura, ndiyo, lakini mto anaonywa ndio wewe unachota. Dawa iliyomwagwa haiulizi kama wewe una mabawa. Na mkulima ana elimu ya kutosha kujua nani atamlipa hasara na nani hatamlipa.

29/ Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani aseme "nitalinda mazingira", muulize maswali ya mkulima. Nani analipa? Fidia iko kwa bajeti gani? Nyasi zikibaki nyasi, mwenye shamba anakula nini? Pale Njabini kuna wenyeji waliojaribu kujibu hilo kwa sufu: kondoo wanalisha, nyasi inabaki fupi, sufu inafumwa inauzwa, ndege anabaki. Hilo ni jibu. Dogo, lakini linagusa mfuko.

30/ Somo lingine la Kinangop: kulikuwa na mradi wa umeme wa upepo, megawati 60. Ulikwama, na mwaka 2016 ukafutwa. Watu wa ndege walikuwa na wasiwasi wao kuhusu mapanga na nyaya, lakini aliyesimamisha mradi ni mwananchi mwenye swali la ardhi. Kule kwetu, jambo likiitwa "ndege" halitembei. Likiitwa "shamba" linakimbia.

31/ "Sasa tusubiri 2027?" La. Mnakumbuka wale wanawake wa 1889? Katiba yetu imekupa njia ambazo haziulizi mko wangapi:
- Kifungu 42: haki ya mazingira safi na yenye afya.
- Kifungu 70: unaweza kwenda kortini kutetea haki hiyo, na si lazima uonyeshe kwamba wewe mwenyewe umepata hasara.
- Kifungu 119: yeyote ana haki ya kuwasilisha ombi bungeni. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inakupa haki hiyo kwa bunge la kaunti pia.

32/ Na kalenda. Kila mwaka kaunti inatakiwa kupeleka mpango wa maendeleo kwa bunge lake kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kabla ya hapo kuna vikao vya kusikiza umma. Nimeenda kimoja. Tulikuwa watu 23 pamoja na askari wa mlangoni. Ukifika na wenzako kumi na barua moja iliyoandikwa vizuri, wewe ndiwe umma.

33/ Tahadhari mbili. Moja: kapu likishaonekana, madalali wanakuja. Atatokea mtu ajiite msemaji wa watazama ndege, auze kura zenu kwa fulana na chai. Mbili: msiburute shirika la hisani kwa jukwaa la mgombea. Mtu binafsi ana siasa yake, shirika lina cheti. Tenganisheni.

34/ Basi jibu la lile swali la Jumamosi. Watazama ndege ni kapu la kura? Kwa urais, hapana. Kwa ugavana, labda pale uchaguzi uko karibu sana. Kwa wadi, ndiyo, kwa masharti matatu: wajiandikishe pale ndege alipo, wawe na jambo moja linaloweza kusemwa kwa baraza la chifu bila kuchekwa, na mwenye shamba awe mmoja wao, si adui yao.

35/ La mwisho ni langu. Kura yangu iko Kasarani. Niliihamishia huko nilipopata kazi, na nina sababu zangu: maji, taka, barabara ya mtaa. Nikiirudisha Kinangop, hayo yote nawaachia wengine waamue. Nikiiacha, basi mapenzi yangu kwa yule ndege ni ya dirishani, kama yale ya kikombe cha kahawa. Huwezi kuwa na kura mbili.

36/ Nilimpigia baba mdogo jana, nikamwambia nafikiria kuhamisha kura nirudi kwetu. Akauliza, "Kwani unawania?" Nikasema hapana, ni mambo ya nyasi. Akacheka, kisha akaniambia ile ekari moja aliyoacha bado ni nyasi, kondoo wako hapo, na asubuhi "yule mtu wako wa manjano" bado anaonekana.

37/ Wanjiru alimaliza shule. Karo ililipwa na viazi, nasema ukweli. Sasa nataka mgombea wa wadi yetu anieleze ile ekari moja italindwa na nini baada ya mzee. Hilo ndilo swali langu la 2027, na nitaliuliza nikiwa na kadi ya kule.

38/ Mwisho wa uzi. Kama kwenu kuna kinamasi, nyasi au mti ambao unaogopa hautafika uchaguzi ujao, angalia kwanza umejiandikisha wapi. Kisha uliza mwenye shamba anahitaji nini. Mengine tutajadiliana hapa chini, kwa heshima.